Bolti ya breketi imeviringa kichwa, ya pampu ya maji imekatikia ndani

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST, nakaa Kigamboni karibu na bahari. Nilikuwa nabadilisha diski na pedi za mbele mwenyewe. Upande wa kushoto bolti ya juu ya breketi, kile chuma kinachobeba kalipa inayobana pedi, ilitoka, ya chini ikakataa. Nikatia bomba kwenye mpini, soketi ya 17 ikateleza, sasa kichwa kimeviringa. Jirani ananiambia niipige moto hadi iwe nyekundu. Kama haitoshi, nilifungua na pampu ya maji, bolti moja ya 10 imekatika. Gari liko juu ya mawe, sijui nianzie wapi.

JIBU: Ndugu yangu, anza na hayo mawe. Kazi iliyo mbele yako ni ya kugonga na kuvuta kwa mpini mrefu, na gari lililokalia mawe au tofali halivumilii mtikisiko wa namna hiyo. Tofali la saruji hupasuka ghafla, halitoi ishara. Azima stendi mbili za chuma, zikae penye sehemu ngumu ya bodi palipotengwa kwa jeki. Tia kabari magurudumu ya nyuma, vuta handbreki, na lile gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya bodi liwe akiba. Baada ya hapo ndipo tuongee habari za bolti.

Kila njia ya kutoa bolti iliyokataa inakula kitu. Soketi ikiteleza inakula pembe, tindo inakula kichwa, drili inakula mwili wa bolti yenyewe. Ukishakula kitu hukirudishi, na njia iliyokuwa inakitegemea imekufa. Kwa hiyo usiulize njia ipi ina nguvu zaidi, uliza ipi itakuachia nafasi ya kujaribu nyingine ikishindwa. Bomba ulilotia ni njia ya katikati ya safari, wewe umeanza nalo.

Tazama hesabu yake. Bolti za breketi za Toyota ndogo hukazwa kwa karibu Nm 107 (Nm, Newton-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukiwa na mpini wa sentimita 60, hiyo ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 18 tu. Mtu wa kilo 70 akijilaza kwenye bomba la mita 1.2 anafika Nm 800 na ushee. Hapo lazima kitu kiachie, na kinachoachia kwanza ni kile dhaifu: ama pembe za kichwa, ama shingo ya bolti. Kutu ndani ya tredi, yaani meno ya bolti, haijaguswa bado. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inajibana katikati ya tredi kama kabari. Kigamboni upepo unaleta chumvi mwaka mzima, na ikiwa gari lako kule Japani lilitumika mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, basi lilishuka bandarini na kutu yake tayari.

Soketi nayo ina kesi. Soketi nyingi za kwenye boksi zina pembe 12 ndani. Ni rahisi kuzivalisha mahali pabaya, lakini zinashika ncha za kichwa tu. Kwa bolti yoyote yenye kutu tumia ya pembe sita, inayoegemea ubapa wa kichwa. Na kabla ya kuvuta, weka jicho lako usawa wa kichwa cha bolti na ujiulize kinyume cha saa ni upande gani. Mtu aliyelala chini ya gari hukaza huku akiamini anafungua. Hili linatokea kuliko mafundi wanavyokubali.

Sasa breketi. Chukua ile bolti ya juu iliyotoka, irudishe kwa vidole tu, uone inaanza kung'ata wapi. Utakuta inapita huru kwenye sikio la kile chuma kinachobeba habu, kisha inang'ata kwenye breketi yenyewe. Jambo hili ni kubwa kwako kwa sababu mbili. Kwanza, kutu inayokusumbua iko ndani ya breketi, na ncha ya bolti huwa inaonekana upande wa pili. Kwa hiyo mafuta unatia pande zote mbili, nyuma ya kichwa na kwenye ncha. Pili, breketi ni kifaa kinachotoka na kinachouzwa. Hata mambo yakiharibika kabisa, hujapoteza habu wala bearing.

Toa kalipa kwanza, ining'inize kwa waya, isivute mpira wa breki. Sugua ncha ya bolti na eneo la kichwa kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, maana mafuta hayapiti kwenye tope. Kuhusu mafuta yenyewe: WD-40, ambayo kila duka linayo, ilitengenezwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, si kupenya kutu iliyoshikana. Inasaidia, ila kuna bora kuliko hiyo. Ukipata dawa ya kupenya iliyoandikwa hivyo kwenye kopo, nunua. Ukikosa, changanya asetoni na ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) nusu kwa nusu kwenye kichupa cha chuma au kioo, utikise kila unapotia kwa sababu vinaachana. Mafuta ya taa na ATF nayo hufanya kazi, polepole zaidi. Tia jioni, tia tena kabla ya kulala, tia asubuhi. Funika diski mpya na pedi kwa nailoni; pedi iliyokunywa mafuta ni ya kutupa. Mafuta ya breki ambayo wengine hupenda kumwagia bolti, achana nayo, yanakula rangi.

Asubuhi, kabla ya kufungua chochote, gonga. Shika nyundo ya kilo moja, weka kipande cha chuma bapa au tindo butu juu ya uso wa kichwa, piga mapigo kumi hadi kumi na tano ya kavu, moja kwa moja kuelekea ndani. Lengo si kuisukuma. Mtikisiko unavunja ukoko wa kutu na kufungua vinjia ambavyo mafuta yatapita. Tia mafuta tena, subiri robo saa, rudia. Hatua hii watu huiruka kwa sababu inaonekana ya kijinga, na ndiyo inayotoa bolti nyingi kuliko zote.

Kichwa chako kilikuwa cha 17 na sasa kimeviringa. Tafuta soketi ya pembe sita ya 16, au ya inchi 5/8, ambayo ni milimita 15.9 na hukaba zaidi kidogo. Iwe ile nyeusi nene ya kupigia mashine. Ya kung'aa itapasuka. Ipige kwa nyundo mpaka ikae chini kabisa ya kichwa. (Kanuni hiyohiyo kwa saizi nyingine: kichwa cha 14 kilicholika hupokea ya 13 au nusu inchi, cha 12 hupokea ya 11, cha 10 hupokea ya 9 au inchi 3/8.) Kuna pia soketi maalumu zenye meno ya mzunguko ndani, zinazojikaza kadiri unavyofungua, kwa anayefanya kazi hizi mara kwa mara zinalipa.

Soketi ikishika, usivute kufungua. Kaza kwanza kidogo, upana wa ukucha, ndipo ufungue. Ikitikisika hata digrii tano, simama, tia mafuta, rudi ulikotoka, uje tena mbele kidogo zaidi. Bolti inayotoka kwa sauti ya kukwaruza na kuzidi kuwa ngumu inakuambia vumbi la kutu limejaa mbele ya tredi. Ukilazimisha hapo itakatika ikiwa nusu njia, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Moto wa jirani yako si uongo, kasoro ni mahali na kiasi. Hupashi bolti, unapasha kilichoizunguka: sikio la breketi lenye tredi, ili tundu lipanuke na bolti ibaki nyuma. Bolti ikiwa nyekundu imepanuka yenyewe na kujibana zaidi, na ugumu wake wa kiwandani umekwisha. Joto la digrii 200 hadi 300 linatosha kabisa. Kipimo cha mtaani: mshumaa ukiugusisha pale unayeyuka na kutoa moshi papo hapo. Na huo mshumaa usiutupe. Nta iliyoyeyuka hufuata joto na kunyonywa ndani ya tredi. Paka kwenye ncha ya bolti wakati chuma kinapoa, kisha jaribu kufungua kikiwa bado vuguvugu.

Kabla ya kuwasha, futa mafuta yote uliyotia, hasa kama kuna asetoni, na kichupa chake kikae mbali. Mpira wa breki, waya wa sensa ya ABS, mpira wa boljointi na mpira wa shafti vyote viko umbali wa shubiri moja. Vifunike kwa kitambaa kilicholowa maji. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Ukisafisha kwa dawa ya kunyunyiza ya breki, soma kopo. Zile zenye klorini zikikutana na moto au cheche za kuchomelea hutoa gesi ya sumu.

Ikiwa bado imekataa, usihangaike na tindo. Mwite fundi wa kuchomelea mageti, hakuna mtaa wa Dar usio na mmoja. Anachohitaji ni nati mpya ya M12 (ya bolti nene milimita 12) isiyo na zinki (au iliyosagwa zinki yake, moshi wa zinki unaumiza), na elektrodi ya milimita 2.5. Nati inawekwa juu ya kichwa kilicholika, anaijaza kwa ndani kupitia tundu lake, siyo kuzunguka nje. Toa waya hasi wa betri kabla hajaanza, na kibano cha ardhi kibane kwenye breketi yenyewe karibu kabisa na bolti. Kikibanwa upande wa pili wa gari umeme utapita kwenye bearing na kuiachia alama. Acha dakika mbili, paka mshumaa, vaa spana ya ringi kwenye nati mpya, kaza kidogo, fungua. Unapata mambo matatu kwa mpigo: kichwa kipya chenye pembe kali, joto lililoingia mpaka kiini cha bolti, na mshtuko wa kupanuka na kusinyaa. Ndiyo maana nati ya kuchomelea hufaulu mahali ambapo kila kitu kimeshindwa.

Na ikikataa hata hapo, kata kichwa kwa grenda. Wengi huogopa hatua hii, lakini kwa jinsi breketi yako ilivyoshikwa ni njia safi. Kichwa kikiondoka, breketi inavutwa nje kutoka kwenye sikio, na kipande cha bolti kinabaki kimesimama kama stadi. Sasa kazi imehama kutoka chini ya gari hadi kwenye jiliwa. Hapo pasha moto bila hofu ya mpira wowote, kibane kwa vaisgripu au chomelea nati, au mpelekee mkereza vyuma wa mtaa wa Gerezani akitoe kwa mashine. Breketi inabebeka kwenye mfuko. Ila gari lenyewe lisiende popote likiwa na bolti moja ya breketi, hata hapo tu kwenye pantoni. Breki ya kwanza ya nguvu inazungusha kalipa kwenye rimu.

Bolti mpya nunua ya gari, usichukue ya duka la vifaa vya ujenzi. M12 ya kawaida ya dukani ina hatua ya tredi (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.75, ya Toyota mara nyingi ni 1.25. Zitaanza kuingia mzunguko mmoja au miwili, halafu zinaua tredi ya breketi uliyohangaikia siku nzima. Linganisha kwa kuilaza ya zamani kando ya mpya. Meno lazima yaingiane bila mwanga kupita.

Pampu ya maji ni kesi tofauti kabisa, na mbinu za breketi zitakuangamiza ukizileta huku. Bolti ya kichwa cha 10 ni M6. Inakazwa kwa Nm 10 au 11, yaani nguvu ya kiganja kwenye mpini mfupi, na imeingia kwenye aluminiamu. Chuma na aluminiamu vikikutana na unyevu wenye chumvi, aluminiamu ndiyo inaliwa, na unga wake mweupe hushika bolti kama saruji. Mafuta ya kupenya hayafui dafu sana mbele ya unga huo. Joto ndilo linalosaidia, kwa sababu aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Lakini aluminiamu huyeyuka kwenye digrii 660 au chini ya hapo, na haibadiliki rangi kukuonya. Tumia bunduki ya hewa ya moto, siyo moto wa gesi wa kuchomelea.

Kwanza toa bolti na nati zote zilizobaki, ubandue pampu. Bolti za pampu mara nyingi hukatikia chini ya kichwa, na pampu ikitoka unaachiwa kipande kirefu sawa na unene wa sikio la pampu. Kikiwa kirefu kiasi, una bahati. Vaa nati mbili za M6, zikaze zibanane, kisha fungua kwa kuzungusha ile ya ndani, ukipasha aluminiamu kwa hewa ya moto na kwenda mbele na nyuma. Kikiwa kifupi, vaisgripu ndogo yenye meno mapya, au fundi mwenye mashine ya kuchomelea ya waya aweke nati ya M6. Hapa fundi mageti na elektrodi yake hafai sana. M6 ni ndogo mno kwa moto wake. Chuma kilichoyeyuka cha kuchomelea hakishiki kwenye aluminiamu, kwa hiyo kikimwagika kidogo pembeni hakina neno.

Ikiwa imekatika sawasawa na uso au ndani, unabaki na drili, na hapo kosa la nusu milimita linaingia kwenye ukuta wa injini. Kama pampu ya zamani unaitupa, usiitupe leo. Irudishe mahali pake kwa bolti mbili nzima, na tundu lake litakuwa kielekezi cha drili yako. Mwombe mkereza vyuma akutengenezee kibomba cha chuma kinachoingia bila kuchezacheza kwenye tundu hilo, chenye tundu la milimita 3 katikati. Dakika chache za kukereza zinakuokolea bloku. Tembeza drili polepole, mafuta matone machache, toa unga kila baada ya milimita mbili tatu. Ukipata keekee (ncha za drili) za kukatia kinyume zitumie, kwa sababu mara nyingi bolti hujifungua yenyewe zinapong'ata.

Tundu la milimita 3 likishafika mwisho wa bolti, pasha joto, jaribu tena. Ikikataa, panua hadi 4, kisha 5. Milimita 5 ndicho kipimo cha tundu la tapu (kifaa cha kuchonga tredi) ya M6, kwa hiyo ukiwa katikati kweli, kinachobaki ni ngozi nyembamba ya tredi, na tapu ya M6 yenye hatua ya 1.0 inaikwangua nje kama waya. Kutia ile skrubu ya kutolea bolti, yenye meno ya kinyume, kwenye M6 sikushauri. Ni ngumu kama keekee yenyewe na nyembamba kama njiti. Ikikatikia ndani hakuna drili ya kawaida itakayoigusa, na tatizo la bei nafuu limegeuka kazi ya mashine ya cheche za umeme. Tredi ya aluminiamu ikiwa imeharibika, panua kwa 6.3, piga tapu yake, tia koili ya Helicoil ya M6, yaani tredi mpya ya waya wa chuma. Inakuwa imara kuliko ya awali.

Upande wa kulia hukuutaja, lakini kwa kuwa utaufungua pia: bolti mbili ndogo zinazoshika kalipa zimejikaza ndani ya pini zinazoteleza kwenye breketi. Ikikatika moja huko, usiitoe kwa drili. Chomoa pini nzima, nunua pini na bolti yake, tia grisi ya silikoni ya breki, umemaliza.

Wakati wa kurudisha, puliza tundu la M6 liwe kavu. Mafuta yaliyobaki chini ya tundu lisilotokea upande wa pili hayana pa kwenda, na bolti ikishuka huyasukuma hadi aluminiamu ipasuke. Grisi ya shaba paka nyembamba kwenye shina la bolti za breketi, pale zinapopita kwenye sikio. Kwenye tredi iwe kidogo mno, kwa sababu tredi yenye grisi hukazika zaidi kwa torki ileile. Zile za pampu zianze zote kwa vidole, ukaze kwa mzunguko wa msalaba hadi Nm 11, rudisha mkanda maana ndio unaozungusha pampu, na ukishajaza kulanti (maji ya kupoza injini) washa injini kwa dakika kumi ukichungulia chini ya pampu kwa tochi kabla hujarudisha vifuniko.